Kutazama Ndege katika Nyika Kavu ya Australia

1. Nchi yenyewe

Wanafunzi, katika masomo ya jiografia mmekwisha kujifunza kwamba Australia ni bara lililo dogo kuliko mabara yote, na tena ni nchi moja yenye serikali moja. Lakini neno "dogo" hapa ni la kulinganisha tu. Eneo lake lakaribia kilomita za mraba milioni 7.7, hata ingewezekana kuziweka ndani yake nchi nane zilizo sawa na Tanzania. Watu wake wengi hukaa karibu na bahari, kwenye miji mikubwa kama Sydney, Melbourne na Adelaide. Katikati ya bara watu ni wachache sana, maana nchi ni kavu. Katika kila sehemu 10 za Australia, sehemu 7 hivi ni kavu au nusu kavu.

Nyika hiyo haifanani mahali pote. Pengine ni matuta ya mchanga mwekundu yaliyofuatana kama mawimbi. Pengine ni tambarare iliyotandazwa mawe madogo yenye rangi ya kutu, wala hapana mti hata upeo wa macho. Pengine ni ziwa kubwa lisilo na maji, bali chumvi nyeupe tupu inayong'aa juani. Mvua hainyeshi kwa majira yanayojulikana. Mwaka mmoja yaweza kunyesha yote kwa siku mbili na kuleta mafuriko, na mwaka wa pili isionekane kabisa. Joto nalo ni kali: katika mji mdogo wa Oodnadatta, tarehe 2 Januari 1960, joto la kivulini lilifika digrii 50.7 za Selsiasi.

Mtu akisikia habari hizi aweza kudhani kwamba hapana kiumbe kiwezacho kukaa huko. Sivyo hata kidogo. Nyika ile ina ndege wengi, na baadhi yao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Kwa sababu hiyo kila mwaka wako watu wanaofunga safari kwenda kuwatazama na kuwapiga picha. Wengine huenda kwa makundi, na wengine huenda peke yao. Hawachukui bunduki wala mtego. Silaha yao ni darubini, kamera na daftari. Somo hili litaeleza jinsi mtu mmoja afanyavyo safari hiyo, hatari zilizo mbele yake, na faida anayorudi nayo.

2. Njia ya Birdsville

Ziko njia nyingi katika nyika ile, nasi tutaangalia moja inayojulikana sana, yaani njia ya Birdsville. Njia hii yaanza Marree, kijiji kilicho kaskazini ya mji wa Adelaide, nayo yaishia Birdsville, mji mdogo ulio ndani ya jimbo la Queensland. Urefu wake ni kilomita 517. Haina lami, ni changarawe, mchanga na mawe. Katikati yake iko nyumba moja ya wageni, mahali paitwapo Mungerannie, ambapo msafiri aweza kununua mafuta na chakula.

Hapo kale njia hii ilikuwa ya wachunga ng'ombe. Waliwaswaga ng'ombe kwa majuma mengi kutoka Queensland mpaka kituo cha reli cha Marree. Mizigo ya nchi ilichukuliwa na ngamia, na wenye ngamia walikuwa watu waliotoka Bara Hindi na Afghanistan. Walijenga msikiti wao hapo Marree katika karne ya 19. Malori yalipokuja, ngamia waliachiliwa porini, na wazao wao wangali wakizurura nyikani mpaka leo.

Je, ng'ombe wale walikunywa nini? Chini ya nchi ile kavu, ndani kabisa ya miamba, kuna maji mengi sana yaliyoenea chini ya zaidi ya sehemu moja kwa tano ya Australia nzima. Watu walichimba visima virefu kuyafikia, na maji yalipanda yenyewe kwa nguvu, yakiwa ya moto. Yanapomwagika na kupoa hufanya vidimbwi, na matete huota kandokando. Kwa hiyo mahali kama Mungerannie, katikati ya ukavu, mtu huona bata, korongo na ndege wengine wa majini. Msafiri wa ndege hujifunza jambo hili kwanza kuliko yote: tafuta maji, nawe utapata ndege.

3. Matayarisho

Mwenda peke yake hana wa kumkumbusha alichosahau, wala wa kumwinua akianguka. Kwa hiyo kazi kubwa ya safari hufanywa kabla ya kuondoka nyumbani.

Kwanza ni majira. Miezi ya Desemba, Januari na Februari ni ya joto kali huko, na mwenye busara haendi. Mwezi wa Juni hata Agosti ni majira ya baridi. Mchana ni mzuri, na usiku baridi yaweza kugandisha maji katika kikombe.

Pili ni maji. Hesabu ya watu wenye kutahadhari ni lita 10 kwa mtu mmoja kwa siku moja, za kunywa, kupikia na kunawa. Msafiri wa siku 8 huongeza akiba ya siku 4, maana mvua ikinyesha njia hufungwa, na huenda akangoja mahali alipo mpaka tope likauke. Maji hayo hayawekwi katika pipa moja, bali katika vyombo vingi, kusudi kimoja kikitoboka vingine visalie.

Tatu ni gari. Laifaa kuwa gari lenye nguvu katika magurudumu yote manne. Mawe ya tambarare zile yana ncha kali, na msafiri huchukua magurudumu mawili ya akiba, jeki, sepetu ya kufukulia mchanga, na mafuta zaidi ya yale anayoyahitaji. Awapo katika mchanga mwingi hupunguza upepo wa magurudumu ili yatandike juu ya mchanga yasizame.

Nne ni habari. Kabla ya kuondoka humwachia mtu mwaminifu karatasi iliyoandikwa: njia nitakayopita ni hii, nitalala hapa na pale, nitafika siku fulani, nisipofika, waambie polisi. Siku hizi wasafiri huchukua pia simu ya setilaiti, na chombo kidogo ambacho mtu akikibonyeza huwapa waokoaji habari ya mahali alipo. Simu za kawaida hazisikiki katika sehemu kubwa ya nyika ile.

4. Waliopotea

Wanafunzi wengine watauliza, "Je, hofu hii yote ni ya nini?" Basi sikilizeni habari mbili za kweli.

Mwezi wa Desemba mwaka 1963, jamaa ya watu watano, baba na mama na watoto wao, walikuwa wakisafiri kwa gari katika njia hii ya Birdsville. Walipotea njia, na mafuta yakaisha. Wakaliacha gari, wakatembea kutafuta maji. Wote watano walikufa kwa kiu. Tangu hapo kila msafiri wa nyika hufundishwa sheria moja: gari likiharibika, usiliache. Gari lina kivuli. Tena mtu aliye juu ya ndege haoni kwa urahisi mtu mmoja anayetembea, bali gari huonekana mbali.

Habari ya pili ni ya zamani zaidi. Mwezi wa Agosti mwaka 1860, msafara mkubwa uliondoka Melbourne ukiongozwa na Robert O'Hara Burke, pamoja na William John Wills, ili kuvuka bara lote kutoka kusini mpaka kaskazini. Walikuwa na ngamia, farasi na vyakula tele. Watu wanne, Burke, Wills, King na Gray, walikwenda mpaka karibu na bahari ya kaskazini, wakageuka kurudi. Gray alifia njiani. Watatu waliosalia wakafika kambi yao penye mto Cooper jioni ya tarehe 21 Aprili 1861. Kambi ilikuwa tupu. Wenzao waliowangoja kwa miezi minne walikuwa wameondoka asubuhi ya siku ile ile.

Mto Cooper una samaki, na watu wa kabila la Yandruwandha walikuwa wakiishi hapo kwa raha yao. Waliwapa wageni samaki, na unga wa mmea uitwao nardu. Lakini Burke hakupenda kuwategemea, na siku moja aliwafukuza kwa kupiga bastola juu ya vichwa vyao. Wageni wakajitengenezea unga wa nardu wenyewe, wala hawakufuata desturi yote ya wenyeji. Wataalamu wa siku hizi huona kwamba mmea huo usipotayarishwa sawasawa huharibu vitamini iliyo ya lazima mwilini. Watu wale walikula wakashiba, na huku wakadhoofika. Burke na Wills wakafa. King akawaendea Wayandruwandha, nao wakamtunza kama ndugu yao mpaka alipopatikana, hai, mwezi wa Septemba.

Pimeni jambo hili. Pahali pale pale, wengine walikufa na wengine waliishi. Tofauti yao haikuwa nguvu wala fedha, bali ujuzi, na moyo wa kukubali kufundishwa na mwenyeji.

5. Siku moja ya msafiri

Mtazamaji wa ndege huamka kabla ya mapambazuko. Sababu yake ni kwamba ndege wa nchi kavu hufanya kazi zao asubuhi na jioni. Jua likipanda hujificha kivulini, wakakaa kimya na midomo wazi ili kupoza miili yao. Msafiri anayelala mpaka saa tatu amekwisha kuikosa nusu ya siku.

Basi hukaa karibu na kidimbwi, upande ambao jua litakuwa mgongoni pake, naye hatikisiki. Kwanza husikia kuliko kuona. Njiwa wenye kishungi huja wakivuma, maana ubawa wao una unyoya mmoja mwembamba unaopiga mluzi wanaporuka. Halafu huja chiriku milia, makundi kwa makundi, wadogo kuliko kidole cha shahada na kidole gumba vikinyoshwa. Ndege hawa hunywa kwa kufyonza maji bila kuinua kichwa, kama njiwa anywavyo, kwa hiyo hunywa upesi na kuondoka kabla mwewe hajawaona.

Kila anachokiona msafiri hukiandika daftarini: tarehe, saa, mahali, jina la ndege, idadi yao, na walilokuwa wakilitenda. Asipojua jina, huandika rangi, ukubwa, umbo la mdomo na sauti, wala habuni jina. Kazi hii yaonekana ndogo, lakini daftari nyingi za watu wengi kwa miaka mingi ndizo zilizowafundisha wataalamu wapi ndege huhamia, na ndege gani wanapungua.

Mchana hupumzika, husafisha vumbi katika vyombo vyake na kukagua gari. Jioni hurudi majini. Usiku huzima taa, akasikiliza.

6. Ndege wa nyika na maarifa yao

Emu. Huyu ni ndege mkubwa asiyeruka, mfano wa mbuni, na urefu wake waweza kufika karibu meta 2. Mbuni ana vidole viwili katika kila mguu, bali emu ana vitatu. Jike hutaga mayai ya rangi ya kijani iliyokoza, kisha huenda zake. Dume ndiye alaliaye, kwa muda wa majuma manane hivi, na siku zote hizo karibu hali chochote wala hanywi, bali huishi kwa mafuta ya mwili wake. Vifaranga wakitoka huwalea yeye.

Bajerigari. Hawa ni kasuku wadogo wa kijani na manjano. Mwaka 1840 mtaalamu wa ndege John Gould aliwapeleka hai Uingereza, na leo hufugwa katika nyumba za watu duniani pote. Wale wa buluu na weupe mnaowaona vizimbani rangi zao zilipatikana kwa ufugaji; mwituni makundi yao ni ya kijani. Hawana makao. Mvua iliponyesha ndipo waendapo, maana baada ya mvua majani huota na kutoa mbegu. Wakipata mbegu nyingi huzaa upesi, na makundi yao huwa maelfu na maelfu, yakigeuka pamoja angani kama kitambaa kinachopeperushwa. Aliyewaona kwelea wa Dodoma ataelewa mara moja. Tofauti ni kwamba bajerigari hula zaidi mbegu za majani ya mwitu.

Tai mkia-kabari. Jina lake latokana na mkia wake uliochongoka kama kabari ya kupasulia kuni. Mabawa yake yakinyoshwa hupita meta 2. Mara nyingi hula mizoga ya kangaruu waliogongwa na magari. Akiwa ameshiba ni mzito, na huchelewa kuruka; kwa hiyo dereva mwema akiona mzoga njiani hupunguza mwendo, asije akamgonga na mlaji.

Mwewe wa usiku. Yuko mwewe mmoja mweupe mwenye macho mekundu, ambaye chini ya mabawa yake ana alama nyeusi kama herufi. Mwewe wengine huwinda mchana, bali huyu huwinda usiku, maana chakula chake ni panya watokao gizani. Miaka ya mvua panya huongezeka mno, na mwewe hawa huzaa kwa wingi. Ukame ukirudi panya hufa, nao mwewe hutawanyika, na wengi hufa njaa. Hivyo katika nyika kila kiumbe kimefungwa na mwenzake kwa kamba isiyoonekana, na mwanzo wa kamba hiyo ni mvua.

Ndege wa ziwa la chumvi. Ziwa Eyre, ambalo wenyeji wa asili huliita Kati Thanda, ndilo mahali pa chini kuliko pote katika Australia. Liko kama meta 15 chini ya usawa wa bahari. Miaka mingi ni kavu. Lakini mafuriko yakija kutoka Queensland hujaa maji, na mwaka 1974 lilijaa kuliko wakati wowote ulioandikwa. Hapo mayai ya uduvi yaliyolala ndani ya chumvi kwa miaka huanguliwa, na mwari huja kutoka pwani, mamia ya kilomita. Yuko pia ndege mwenye miguu mirefu na utepe mwekundu kifuani, ambaye hungoja maji hayo ili azae. Wataalamu waliwafunga baadhi yao vyombo vidogo vya kupeleka habari kwa setilaiti, wakaona kwamba mmoja aliruka zaidi ya kilomita 2,000 kwa siku chache tu kufuata maji mapya. Ni nini kinachomjulisha kwamba mvua imenyesha mbali hivyo? Hilo bado ni fumbo, na labda mmoja wenu atakuja kulifumbua.

7. Kupiga picha

Zamani aliyetaka kumjua ndege alimpiga risasi kwanza. Mwaka 1892 huko Uingereza ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, walipiga picha ya kiota chenye mayai, na baadaye wakatafuta hila za kuwakaribia ndege bila kuwatisha. Hila yao moja ilikuwa ngozi ya ng'ombe iliyosimamishwa kama ng'ombe mzima, na mpiga picha akajificha tumboni mwake. Mmoja wao, Cherry, alikuja baadaye Afrika ya Mashariki kuwapiga picha wanyama wetu.

Siku hizi mtu haingii tumboni mwa ng'ombe. Kibanda chake cha kujifichia ni gari lenyewe. Ndege humwogopa mwanadamu aliyesimama, lakini gari lililotulia hulihesabu kuwa kama jiwe. Mpiga picha huzima injini, huweka mfuko wa mchanga juu ya dirisha, na kuegemeza lenzi yake ndefu hapo isitikisike.

Nuru nzuri ni ya saa za kwanza baada ya kucha, na za mwisho kabla ya kuchwa. Mchana picha huharibika, hata kamera ikiwa ya thamani kubwa. Sababu ni hii: ardhi ya moto hupasha hewa iliyo juu yake, hewa hiyo hupanda ikichanganyika na hewa ya baridi, na miali ya nuru ikipita humo hupinda huku na huku. Ndiyo sababu vitu vya mbali huonekana vikicheza-cheza. Dawa yake si lenzi kubwa zaidi, bali ni kukaribia zaidi, au kungoja jioni.

8. Adabu ya mtazamaji

Sasa twafika kwenye jambo lililo zito kuliko yote. Tuseme mtu amesafiri siku nne, ameona kiota cha ndege adimu juu ya tambarare ya mawe, nayo ni saa tano ya mchana. Mama ameondoka kwenye mayai kwa kumwogopa. Mtu huyo akikaa hapo dakika kumi atapata picha ambayo hakuna rafiki yake aliye nayo. Je, akae?

Asikae. Mawe ya tambarare yanapochomwa na jua huwa ya moto mno, na yai lisilotiwa kivuli huiva upesi. Yule mama halali juu ya mayai ili kuyapasha moto tu, bali mara nyingi hulala ili kuyakinga na moto. Picha ile ingekuwa picha ya ndege na pia kifo cha watoto wake. Mtazamaji wa kweli huondoka mara moja, na mkono mtupu, na daftarini huandika tu kwamba amekiona kiota. Hatangazi mahali kilipo, maana wangefuata wengi.

Tena nchi ile si ya bure ijapokuwa ni tupu. Sehemu kubwa ni mashamba ya ng'ombe, na mengine hupita kilomita za mraba 10,000. Sehemu nyingine ni nchi za wenyeji wa asili. Kwa hiyo msafiri huomba ruhusa. Akipita lango lililofungwa hulifunga. Akilikuta wazi huliacha wazi, kwa kuwa huenda mwenye ng'ombe amelifungua ili wafike majini. Hapigi kambi kando ya kisima, maana wanyama wenye kiu wataogopa kuja.

9. Kasuku wa usiku

Tumalizie kwa habari ya ndege mmoja. Katika karne ya 19 wataalamu walimpata kasuku wa ajabu, wa kijani na manjano, mnene, mwenye kukaa chini. Mchana hujificha ndani ya majani makali ya spinifeksi, na usiku hutoka kula mbegu. Walimwita kasuku wa usiku. Mwaka 1912 alipatikana mmoja, na baada ya hapo kimya. Miaka ilipita, na wengi wakasema kwamba amekwisha duniani.

Mwaka 1990 wataalamu waliokuwa wakisafiri katika Queensland walisimama kando ya njia, wakaona chini mzoga uliokauka. Ulikuwa wa kasuku wa usiku. Basi walijua kwamba yuko, lakini yuko wapi? Mwaka 2013 mtu mmoja, John Young, aliyekuwa amemtafuta kwa miaka mingi, alipata picha zake akiwa hai. Mahali penyewe pakafichwa, na baadaye nchi ile ikawekwa kuwa hifadhi.

Lakini habari kubwa zaidi ilitangazwa mwaka 2024. Walinzi wa mazingira wa Ngururrpa, wenyeji wa asili wa Jangwa Kuu la Mchanga, magharibi ya Australia, waliweka vyombo vya kunasa sauti usiku katika nchi yao, wakishirikiana na wataalamu. Wakapata kwamba huko wako kasuku wa usiku wapatao 50, kundi kubwa kuliko yote yajulikanayo. Waligundua na jambo jingine. Adui mkubwa wa ndege hao ni paka mwitu, ambao asili yao ni paka walioletwa na wageni. Nao mbwa mwitu wa huko, aitwaye dingo, huwala paka. Basi mtu akiwaua dingo akidhani anawasaidia ndege, kumbe anawafungulia mlango paka.

Hivyo ndege aliyehesabiwa kuwa amekufa yu hai, na walio na sehemu kubwa katika kumpata ni watu waliozaliwa katika nchi ile, wanaozijua njia zake na majani yake.

10. Lakufanya nyumbani

Wanafunzi, si lazima mwende Australia. Penye bomba linalovuja, penye lambo la ng'ombe, penye mti wenye matunda nyuma ya shule, ndege huja kila siku, na wengi wetu hatujui hata majina yao. Chukua daftari. Kaa kimya kwa nusu saa asubuhi. Andika tarehe, saa, rangi, idadi, na kazi wanayoifanya. Kisha muulize bibi au babu yako jina la kila mmoja kwa lugha ya kwenu, maana majina hayo yanapotea upesi kuliko ndege wenyewe. Fanya hivyo mwaka mzima bila kuruka juma hata moja. Mwisho wa mwaka utakuwa na kitabu ambacho hakipo katika duka lolote, na mwandishi wake ni wewe.

Maswali

1. Kwa nini ndege wa majini huonekana Mungerannie, ingawa mvua ni haba?
2. Msafiri achukua lita 10 za maji kwa siku. Safari yake ni ya siku 8, na akiba ni ya siku 4. Achukue lita ngapi? Ikiwa lita moja ina uzito wa kilo moja, maji hayo yana uzito gani?
3. Gari latumia lita 15 za mafuta kwa kilomita 100. Litatumia lita ngapi hivi katika njia yote ya Birdsville?
4. Eleza kwa nini mtu hapaswi kuliacha gari lake nyikani.
5. King aliokoka, na Burke akafa. Ni nini kilichowatofautisha?
6. Kwa nini picha za mchana huharibika katika nchi ya joto?
7. Andika barua kwa mpiga picha anayetaka kukaa karibu na kiota wakati wa jua kali. Mweleze sababu za kumzuia.
8. Onyesha jinsi mvua, panya na mwewe wa usiku wanavyofungamana. Kisha toa mfano mmoja kama huo kutoka kijiji chako.